Mashauri kwa Jamaa: Mwenye Kwenda Luxembourg na Ayajue Haya



Baba mmoja na mkewe wametuletea ulizo. Binti yao ameolewa huko Luxembourg, amejifungua mtoto wa kwanza, naye awaita wazazi wake waje kumwona mjukuu. Bwana mmoja wa mjini amejitolea kuwapatia viza bila taabu, lakini ataka fedha nyingi mbele; nao wamekwisha kuanza kusema habari ya kuuza shamba la migomba. Wauliza: je, ndivyo ipasavyo?

Jibu letu ni fupi: shamba lisiuzwe. Lakini jibu fupi bila maelezo halimfai mtu, na jamaa zenye watoto huko Ulaya ni nyingi. Kwa hiyo tutalieleza jambo hili taratibu, tangu mwanzo hata mwisho.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Luxembourg ni nchi ndogo sana: kilomita za mraba 2,586, karibu sawa na ukubwa wa Ziwa Kivu. Wenyeji wake ni watu wapatao 680,000. Haina bahari, imezungukwa na Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani. Ajabu ni kwamba nchi ndogo hii ina kijiji ambacho kila msafiri wa Ulaya hulitamka jina lake, pengine bila kujua kwamba ni kijiji. Kinaitwa Schengen, nacho kiko kando ya mto Moselle, penye mizabibu, mahali zinapokutana Luxembourg, Ufaransa na Ujerumani. Tarehe 14 Juni 1985 wajumbe wa nchi tano walikutana hapo, katika merikebu iitwayo Princesse Marie-Astrid, wakatia sahihi agano la kuondoa ukaguzi katika mipaka iliyo kati yao. Nchi tatu kati ya hizo, yaani Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, zilikuwa zimekwisha kufanya hivyo wenyewe kwa wenyewe tangu tarehe 1 Julai 1960, siku moja tu baada ya Kongo kupata uhuru.

Leo nchi za agano hilo ni 29. Tuzifikiri kama ua mmoja wenye nyumba ishirini na tisa: kila nyumba ina baba yake, lakini lango la ua ni moja. Kwa hiyo Luxembourg haina viza fupi ya peke yake. Mwenye viza ya Schengen ya kawaida aweza kuingia Luxembourg, na kutoka hapo kufika Ubelgiji au Ufaransa kwa viza ile ile. Uingereza na Irlandi hazimo katika ua huo. Zina malango yao.

Mwenye pasiporti ya Kongo hawezi kuingia bila viza. Tena, hata akipita tu katika uwanja wa ndege wa nchi hizo ili abadilishe ndege kwenda mbali zaidi, hutakiwa viza ya kupita uwanjani, isipokuwa sheria imemtoa katika sharti hilo, kwa mfano kwa kuwa ana viza halali ya Kanada au ya Marekani. Wengi hulijua neno hili wakiwa wamekwisha kulipa tiketi.

Je, viza huombwa wapi? Luxembourg haina ubalozi Kinshasa. Ubelgiji ndiyo inayoiwakilisha katika kazi hiyo. Anwani na saa za ofisi hubadilika. Basi ulizeni ubalozi wenyewe, wala msiulize kijiweni. Na sheria yasema hivi: omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kama siku ni sawa, omba kwa ile utakayoiingia kwanza. Wako wanaosema, «Nchi fulani ni rahisi, tuombe kwake, kisha twende tutakako.» Huo ni uongo wa kwanza, nao huonekana upesi, maana tiketi na barua ya mwenyeji husema mengine.

Sasa tuzitazame karatasi zinazotakiwa.

Kwanza, pasiporti. Iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake upite siku ya kutoka Ulaya kwa miezi mitatu au zaidi.

Pili, fomu iliyojazwa na kutiwa sahihi, pamoja na picha mpya. Majina na tarehe za fomu zilingane na za pasiporti na za cheti cha kuzaliwa. Herufi moja iliyokosewa huleta maswali mengi. Kama cheti kina kosa, kisahihishwe kwanza kwa njia ya sheria.

Tatu, bima ya ugonjwa wa safarini, yenye kulipa mpaka yuro 30,000 au zaidi, nayo ikubaliwe katika nchi zote za agano.

Nne, mahali pa kulala na njia ya kuishi. Anayekwenda hotelini huonyesha hati ya hoteli na fedha zake za banki. Anayekwenda kwa mtoto wake huonyesha hati ambayo mwenyeji amejitwika gharama zote za mgeni: chakula, malazi, matibabu na nauli ya kurudi. Huko Luxembourg mwenyeji huitia sahihi hati hiyo katika komini yake, kisha serikali huichungua kama mshahara wake watosha. Basi mzazi asimhimize mtoto kuahidi asichoweza, maana ahadi hiyo hudaiwa.

Tano, ushuhuda wa mambo yanayomrudisha mtu nyumbani: barua ya kazi na ruhusa ya likizo, hati ya pensheni, hati ya shamba au nyumba, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto wanaobaki. Hapa wazazi wetu walioleta ulizo na wafikiri vema. Shamba lile wanalotaka kuliuza ndilo mojawapo la mambo yatakayowasemea! Wakiliuza ili wapate viza, watakuwa wameuza ushahidi wao.

Maombi hupelekwa si mapema kuliko miezi sita kabla ya safari, wala si chini ya siku 15. Jibu hutolewa katika siku 15, lakini kwa shauri gumu siku zaweza kufika 45. Kwa hiyo mwenye busara hangoji mpaka mwezi wa mwisho. Ada, tangu Juni 2024, ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Ofisi inayopokea karatasi yaweza kudai malipo yake juu ya hayo. Fahamuni kwamba ada ni malipo ya kuchunguza maombi, si bei ya viza. Ukinyimwa, hairudi.

Tena kuna jambo la vidole. Anayeomba mara ya kwanza hana budi kufika mwenyewe, akapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole vyote kumi. Alama hizo huhifadhiwa miezi 59, na balozi zote za agano huziona. Mtoto wa chini ya miaka 12 haguswi na sharti hili. Basi bwana yule aliyejitolea kuleta viza «bila taabu» atafanya nini? Vidole vyako hana. Uamuzi si wake. Fomu si ya kununuliwa. Kilichobaki mkononi mwake ni vitu viwili tu: kuandika yale ambayo mwanao aliyesoma aweza kukuandikia bure, au kutengeneza karatasi za uongo: kazi usiyoifanya, akaunti ya banki isiyo yako, mwaliko wa mtu usiyemjua.

Na karatasi ya uongo ikitambulika, dalali haandikwi popote. Anayeandikwa ni wewe, kwa jina lako na kwa vidole vyako. Atakayekufungulia faili mwaka ujao, Kinshasa au kwingineko, ataliona neno hilo. Tumezijua jamaa zilizokosa viza, zikakosa fedha, zikakosa na shamba. Wala si haki kumlaumu binti aliye Ulaya kwamba hakusaidia.

Viza ikipatikana, isomeni kabla ya kufurahi. Ina tarehe mbili na hesabu ya siku, nazo si kitu kimoja. Ikiandikwa tangu 1 Juni hata 15 Julai, siku 30, maana yake mwaweza kuchagua siku ya kuingia ndani ya tarehe hizo, lakini mtakaa siku 30 tu. Na kwa wote sheria kuu ni hii: siku zisizidi 90 katika kila siku 180. Kuvuka kutoka Luxembourg kwenda Ubelgiji hakuanzishi hesabu mpya, kwa kuwa ua ni ule ule.

Viza yenyewe haimlazimishi askari wa mpakani kukufungulia. Ukaguzi hufanyika katika uwanja wa kwanza wa agano. Kwa wengi wetu ni Bruxelles, maana wengi hufika huko kwa ndege, kisha huenda Luxembourg kwa treni. Askari aweza kuuliza: unakwenda kwa nani, siku ngapi, una fedha gani? Kwa hiyo barua ya mwenyeji, bima na tiketi ya kurudi zikae katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku lililopakiwa chini ya ndege. Tangu 12 Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza pia kuandika kuingia na kutoka kwa wageni katika mashine, kwa picha na vidole. Zamani mtu aliweza kutumaini kwamba muhuri umefutika. Mashine haisahau siku hata moja.

Wakiisha kufika, mgeni anayelala kwa jamaa aende kujiandikisha katika komini ndani ya siku tatu. Wa hotelini huandikwa na hoteli. Na pasiporti isiachwe nyumbani wakitembea nchi jirani, maana ukaguzi hurudishwa pengine: Septemba 2024 Ujerumani iliurudisha katika mipaka yake yote ya nchi kavu, hata ule wa Luxembourg.

Wazee wetu husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria ya viza fupi yageuza methali hiyo: mgeni aweza kukaa hata siku tisini, lakini jembe asipewe hata siku moja. Viza ya kutembelea si ya kufanya kazi ya mshahara. Kumbembeleza mjukuu hakukatazwi!

Je, mkinyimwa? Msione haya, wala msikimbilie dalali. Wakunyimao hutoa barua yenye sababu, na barua hiyo huonyesha mahali pa kukata rufani na siku zake. Isomeni pamoja na mtu anayejua Kifaransa vizuri. Pengine karatasi moja ilipungua. Yaweza kuongezwa katika maombi mapya. Twakiri kwamba wako waliosema kweli yote na bado wakanyimwa, nalo lauma. Hata hivyo, aliyenyimwa akiwa mkweli aweza kurudi mlangoni kesho. Mwongo amejifungia mwenyewe. Na aliyepewa akarudi kwa siku yake hujijengea jina jema: mwenye kutumia viza tatu kwa halali katika miaka miwili aweza kupewa ya mwaka mzima, ya kuingia na kutoka mara nyingi.

Chini ya maswali yote ya ubalozi kuna ulizo moja tu: je, utarudi? Basi, baba na mama mliotuandikia, jibu lenu limesimama pale kilimani, na migomba yake. Chukueni hati yake, mkapeleke karatasi zenu wenyewe. Mjukuu na apate babu na bibi wenye kumwonyesha siku moja shamba la kwao.