Mawe meupe ya Kahuzi

Wiki iliyopita tuliwaahidi habari za matembezi yetu ya mlima Kahuzi. Wengi mmekwisha kusikia sokoni kwamba hatukufika kileleni na kwamba tuliona theluji. La kwanza ni kweli. La pili hapana, na watoto wa shule wametusumbua sana kwa swali hilo.

Theluji ya inchi yetu iko Ruwenzori, upande wa Beni, ambako kilele cha Margherita kina mita 5109. Hata huko inaisha: mwaka 1906 barafu ilifunika karibu kilomita za mraba 6 na nusu, na kufikia 2003 haikutimia hata moja. Kahuzi ina mita 3308 tu, theluji haikai. Tulichokikuta chini ya vichaka ni mvua ya mawe ya usiku ule, imelundikana nyeupe, haijayeyuka bado. Mama mmoja mwenye wajukuu wanne aliokota konzi nzima akaitia kinywani, akacheka kama mtoto.

Tulitoka Kadutu saa kumi na moja alfajiri, na pale Miti tukakata kushoto kwenda Tshivanga. Mle ndani hakuna mtu kutembea bila walinzi wa mbuga. Kwanza ni mianzi na matope mpaka magotini, halafu vichaka vyenye ndevu za kijivu zinazoning'inia kama za wazee. Kupanda kulikuwa kuzuri, tusiwadanganye. Tulikuwa tumeweka franka kidogo kidogo katika sanduku letu la AVEC kwa miezi sita, na mabwana wengine walikuwa wameuliza mlima utatuletea nini nyumbani.

Kosa letu lilikuwa nguo. Kutoka ziwani hadi kileleni ni kupanda mita zaidi ya 1800, na kila mita 1000 hupunguza joto kwa nyuzi kama sita. Bukavu ikiwa na nyuzi 20, kule juu ni kama tisa, kabla hujahesabu upepo. Hayo tunayafundisha darasani kila mwaka! Lakini tuliondoka na vitenge na sweta za pamba, na mvua ilipotukuta juu ya mianzi, pamba ilikunywa maji yote ikatugandia mwilini.

Mdogo wetu kuliko wote alianza kutetemeka. (Ametupa ruhusa kuandika, bila jina.) Tukafikiri ni uchovu. Halafu akaangusha fimbo mara mbili, na maneno yakaanza kumtoka kama ya mtu aliyelewa. Tulimwomba ataje majina ya watoto wake. Ana watatu. Alimtaja wa kwanza na wa tatu.

Mlinzi alisema kilele kimebakia mwendo wa saa moja hivi. Wengine wetu walitaka mgonjwa abaki na mlinzi mmoja, sisi wengine tuendelee, kwa sababu ya ile miezi sita. Tulibishana pale pale kwenye mvua, kwa sauti kubwa, hata haya ilitushika mbele ya walinzi. Mwishoni tulisema: tunashuka wote.

Tulizungusha vitenge, tukamvua kila kitu kilicholowa, tukamvika sweta kavu ya mlinzi na kofia ya sufu. Chai ya moto yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Mmoja alikuwa ameficha kasiksi katika chupa; tulikataa, maana pombe humpa mtu joto la uongo na mwili unazidi kupoa. Wala hatukumsugua miguu kwa nguvu. Tulimweka katikati, tukashuka polepole.

Katika mianzi alisimama akatuuliza kwa nini tunamwangalia hivyo. Akawataja watoto wote watatu, na wa pili akamtaja mara mbili.

Mama mmoja bado anatusalimu kwa shingo upande. Alikuwa amemwahidi bwana wake picha ya kileleni, na tunamwelewa. Jumamosi, baada ya kuhesabu sanduku, tutazungumza kama tunarudi wakati wa kiangazi. Atakayejiandikisha alete sweta ya sufu na koti la mvua, pamoja na nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Kitenge kitabaki ndani ya gari.