Nani anajua siri za nyumba yako?

Safu ya Odette Kabwe

Hapa Lubumbashi ndoa ya Kikristo inafungwa mara tatu. Familia mbili zinakaa na mahari inahesabiwa. Kisha ni komini, halafu kanisa. Kamati ya harusi imekutana kwa miezi, imegombana juu ya ukumbi, kitambaa cha wamama na kreti za vinywaji. Sherehe zetu nazipenda, sitaki nisingiziwe. Linalonishangaza ni kwamba zikiisha, wale wawili hawakai tena pamoja kuzungumza juu ya imani iliyowafanya waende mbele ya altare.

Bwana anasali kwa Wakatoliki, bibi amehamia kanisa la uamsho. Au wako kanisa moja, lakini huyu ana kwaya yake na yule ana kikundi chake cha maombi. Bibi akiota ndoto mbaya, wa kwanza kuambiwa ni pasta, kwa simu, usiku. Bwana akisimamishwa kazi, wa kwanza kujua ni wenzake wa nganda. Mwenzi wa ndoa anakuwa wa mwisho kusikia habari za nyumba yake. Tofauti ya makanisa hainitishi sana. Kinachonitisha ni huyo mtu wa tatu anayesikiliza kwanza.

Na Katanga yetu ilishawahi kuliwaza jambo hili kwa kina. Mwaka 1953 Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianza kazi Musonoi, karibu na Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba. Alikuwa amefika Kongo mwaka 1933, na kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilikuwa kimechapishwa hapa mjini, wakati ule ukiitwa Elisabethville, mwaka 1945. Msomi huyo aliacha kufundisha kwanza, akaanza kuuliza: ninyi watu, ndani kabisa, mnatamani nini? Majibu aliyoyapata aliyakusanya katika mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Juu ya hayo ikajengwa Jamaa, harakati ya wanandoa Wakatoliki, ambayo wazee wengi wa Kolwezi, Likasi na hapa kwetu bado wanaikumbuka.

Tukumbuke kambi za wafanyakazi zilikuwaje. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilitaka mfanyakazi akae na bibi yake, kwa sababu mwenye familia hatoroki ovyo. Posho ilipimwa kwa kuhesabu bibi na watoto. Kwa hiyo ndoa ya kambini ilikuwa na kusudi, ila lilikuwa kusudi la kampuni: shaba itoke, na watoto wakue waje kuchukua nafasi za baba zao.

Jamaa iliwapa wanandoa kusudi lingine. Mume hakuingia peke yake akamwacha bibi jikoni na bukari. Waliingia wawili, wakapita hatua baada ya hatua, mafundisho yakitolewa kwa Kiswahili hiki chetu, na kazi kubwa ilikuwa kuambiana mawazo: hofu, hamu, hata mambo ya aibu. Kwa mwanamume aliyezoea kumwambia bibi yake neno moja tu, «chakula», huo ulikuwa mlima. Na bibi naye alifundisha. Wote waliitwa baba na mama, wawe mafundi au vibarua. Mwanaantropolojia Johannes Fabian aliwasikiliza katika miaka ya 1960, na kitabu chake cha 1971 kinaonyesha jinsi watu hawa wasio na shahada walivyochimba mambo mazito.

Lakini sitaipamba. Ndani ya Jamaa mtu alizaliwa kiroho na baba na mama wengine, na kupitia mlango huo mtu wa tatu akarudi. Shutuma za uasherati na za mafundisho ya siri zikazidi; mwanzoni mwa miaka ya 1970 maaskofu wakabana, na wengine wakajikuta nje ya Kanisa. Tempels hakuwepo tena: aliondoka mwaka 1962, akafa kwao mwaka 1977. Naona maaskofu walikuwa na sababu. Naona pia kwamba baada ya kuufunga mlango wa Jamaa, hatukufungua mwingine wenye nguvu kama ule.

Matokeo tuliyaona Gécamines, kampuni iliyoirithi Union Minière, ilipoporomoka. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Baba ambaye heshima yake yote ilikuwa mshahara na posho alibaki kwenye kiti barazani, na mama akaanza kuuza unga na makala. Nyumba nyingi zilisimama kwa jasho lake. Katika baadhi ya nyumba hizo wawili hao walishindwa hata kuomba pamoja, maana kuomba pamoja kungemlazimu baba kusema kwa sauti kwamba anaogopa.

Leo mafundisho ya ndoa hutolewa kwa wachumba, watu ambao bado hawajagombana juu ya pesa za shule. Ningependa parokia zetu, na makanisa ya uamsho pia, ziyarudishe miaka mitano baada ya harusi. Wafundishe wanandoa wenyewe, bwana na bibi pamoja, na sheria iwe ile ya Musonoi: aliyekuja peke yake arudi nyumbani kumchukua mwenziwe.