Fimbo ya Chuoni na Amana ya Mtoto



Ndugu zetu Waislamu, na hasa nyinyi kina mama ambao ndio madrasa ya kwanza ya kila mtoto, juma hili twapenda kusema jambo ambalo sisi wenye kusomesha tumelinyamazia kwa muda mrefu, nalo ni fimbo ya chuoni.

Sisi tumelelewa na fimbo hiyo. Siku ya kupelekwa chuoni, mzazi alikuwa akimwambia mwalimu kuwa nyama ya mtoto ni yake, mzazi atarejeshewa mifupa. Watu walicheka, na mtoto amesimama kando ya mkeka akisikia. Tulipokuja kuwa walimu tukaishika henzerani kama tulivyoushika msahafu, tukidhani kuwa vyote viwili ni urithi mmoja.

Katika miaka yetu ya mwanzo ya kusomesha, tulikuwa na mwanafunzi wa miaka minane aliyekuwa akikwama katika Suratul-Bayyina. Kila tukimpiga akizidi kukwama. Siku moja tulimpiga hadi mkono ukamvimba. Mamake hakuja kulalamika. Alituma salamu tu kwamba mtoto ana homa. Hakurudi tena. Leo ni mtu mzima. Tukikutana njiani hutupa mkono kwa adabu, lakini msikitini hatumwoni. Tulimwomba radhi, akasema amekwisha kusahau. Hatuwezi kusema kuwa sababu ni sisi peke yetu, wala hatuwezi kusema kuwa hatumo.

Wako watakaotukumbusha mafundisho ya Mtume (SAW) kuwa mtoto aamrishwe kuswali akifika miaka saba, na apigwe kwa kuiacha swala akifika kumi. Ni kweli. Lakini tuyatazame vyema. Baina ya saba na kumi kuna miaka mitatu, na kila siku ina swala tano. Basi mzazi ametakiwa aite na kufundisha kwa ulimi zaidi ya mara 5,000 kabla fimbo haijatajwa. Tena jambo lenyewe ni swala, si kuteleza katika herufi. Na wanazuoni wakaweka mipaka: usoni pasiguswe, pasiwe na jeraha, wala mtu asipige akiwa na hasira. Ni nani kati yetu aliyeidumisha mipaka hiyo?

Naye aliyetufundisha swala hakuwa mwenye kupiga. Bibi Aisha (RA) amesimulia kuwa Mtume (SAW) hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Anas bin Malik (RA) alimtumikia kwa miaka kumi tangu utotoni mwake, asisikie kutoka kwake hata neno la kumkemea. Na siku moja aliletewa kinywaji, kuliani kwake ameketi mtoto na kushotoni wazee. Alimwomba yule mtoto ruhusa ili awape wazee kwanza. Mtoto alipokataa, Mtume (SAW) alimpa yeye, kwa kuwa zamu ilikuwa yake. Haki ya mtoto haikufutwa na mvi za wakubwa.

Ibn Khaldun, katika Muqaddimah yake ya mwaka 1377, ameeleza kuwa ukali juu ya wanafunzi, hasa wadogo, huwatia uvivu na kuwafunza uongo na hila, kwa vile mtoto hudhihirisha lisilomo moyoni ili aikwepe adhabu. Kwa hiyo huruma hii si jambo la kuazima kwa wengine. Hapa Kenya, viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtoto dhidi ya ukatili na adhabu ya kinyama. Mtoto wa chuoni ni mtoto kama wengine.

Basi tufanyeje? Mama, kabla ya kumwandikisha mwanao, muulize mwalimu ataadhibu vipi, na mwambie waziwazi usiloliridhia. Unapomwogesha, mtazame mgongo na mapaja. Akikataa kwenda chuoni, usikimbilie kumwita mvivu. Muulize, kisha umsikilize mpaka amalize. Ukiona jeraha, usilifiche kwa kuogopa kuivunjia heshima dini, kwa maana anayeivunjia heshima ni mwenye kujeruhi. Zungumza na kamati ya madrasa, na ikibidi piga simu 116, nambari ya msaada kwa watoto isiyo na malipo.

Nanyi kina baba, mwalimu mmoja aliyeachiwa watoto sitini, na ada hailipwi ila kwa kufuatwa, mmemwacha na fimbo iwe ndiye msaidizi wake. Lipeni ada kwa wakati, na muongeze walimu.

Na sisi walimu tuiweke chini henzerani. Mtoto akikwama, tumsomee tena, na tena.

Twamwomba Allah atusamehe tuliyowafanyia watoto wa watu, na aifanye Qur'ani iwe kipenzi cha nyoyo zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.