Tupime Mbegu Kabla ya Masika

Wananchi wenzangu wa kisiwa cha Juani hapa Mafia, nanyi ndugu zetu wa Jibondo mnaovuka kuja kulima huku, masika hayako mbali. Majembe yamenolewa, mashamba yanafyekwa. Na mbegu je? Ile mliyoiweka tangu mavuno yaliyopita, nani amehakikisha kwamba bado i hai?

Siulizi ili kumtia mtu hofu. Nauliza kwa sababu mbegu hai na mbegu iliyokufa hufanana kabisa machoni. Punje ya mahindi huweza kung'aa, ngumu, haina hata tundu la fukusi, kumbe kiini chake kilishakufa zamani. Mkulima wa miaka arobaini hawezi kuijua kwa kuishika tu. Habari huja shambani, wiki moja au zaidi baada ya kupanda, pale tunapoona mapengo kwenye mistari. Wakati huo mvua za mwanzo zimeshapita, na hizo ndizo tulizokuwa tukizingoja.

Mbegu iliyo ghalani inapumua. Iko kama mtoto aliyelala: ametulia, lakini mwili wake unaendelea kutumia chakula alichokula jioni. Ikipata unyevu na joto hupumua kwa kasi, humaliza akiba yake, na ukungu na wadudu huikaribia. Ikiwa kavu na iko penye ubaridi, hupumua kidogo sana na kudumu. Mtaalamu wa Kimarekani James Harrington aliweka kanuni ambayo watunza mbegu duniani wanaitumia mpaka leo: unyevu ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia moja, maisha yake huongezeka karibu mara mbili. Joto la mahali ilipohifadhiwa likipungua kwa nyuzi 5, huongezeka tena mara mbili.

Mmesikia habari ya mtende wa Masada? Masada ni ngome ya kale karibu na Bahari ya Chumvi, nchi kavu isiyoona mvua ila kwa nadra. Kokwa za tende zilizofukuliwa pale zilikuwa na umri wa miaka kama 2,000. Mwaka 2005 mojawapo ilipandwa, ikaota, na mtende wake umekua. Ukavu ndio uliozitunza kokwa zile.

Sisi hatuna ukavu huo. Tumezungukwa na bahari pande zote, na hewa yetu ina unyevu usiku na mchana. Hapa ndipo ninapoomba tutulie kidogo, kwa sababu kukausha tunajua sote. Lakini mbegu iliyoanikwa vizuri siku tatu, kisha ikaachwa kwenye kikapu au gunia la wazi, hunyonya unyevu wa hewa na kulainika tena bila mtu kuona. Jua limefanya kazi yake, na sisi tumefanya yetu, ila mlango tumeuacha wazi.

Bibi zetu waliuziba mlango huo kwa njia walizokuwa nazo. Mahindi ya mbegu waliyaning'iniza juu ya jiko, moshi ukayakausha kila siku na kuwafukuza wadudu. Kunde walizichanganya na majivu makavu. Ni kazi ya hekima, na penye jiko la kuni bado inafaa. Kwa nyumba inayopikia mkaa au gesi, chukua dumu au chupa ya plastiki iliyo safi na kavu, yenye kifuniko kinachokaza. Jaza mbegu mpaka juu ili hewa isibaki, funga, weka kivulini mbali na bati la paa.

Utajuaje kwamba zimekauka vya kutosha kufungiwa? Chumvi ya jikoni itakusaidia. Kaanga chumvi kidogo ikauke, iache ipoe, itie kwenye chupa ya kioo iliyo kavu pamoja na konzi ya mbegu. Tikisa, kisha iache itulie dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mbegu bado ina maji mengi, zaidi ya asilimia 15 hivi, irudishe mkekani. Isipoganda, endelea kuianika kidogo zaidi, kisha ufunge.

Tuje kwenye kipimo chenyewe. Chota mbegu 100 bila kuchagua. Najua mkono hupenda kuokota zile nene, lakini shambani utapanda zote, kwa hiyo zihesabu zilivyo. Zipange kwenye kipande cha kanga kuukuu kilicholowekwa na kukamuliwa, kikunje, kiweke kwenye bakuli kivulini. Tumia maji ya mvua au maji baridi, si ya kisima chenye munyu, maana chumvi huizuia mbegu kunywa maji. Kitambaa kibaki na unyevu tu, kisiogelee. Mbegu inahitaji hewa pia, na ikizama hufa. Baada ya siku saba hivi kwa mahindi, mtama au kunde, kunjua na uhesabu zile tu zilizotoa mzizi na chipukizi vyenye nguvu.

Zikiota 90, shukuru na upange kupanda kama kawaida. Zikiota 60, usikate tamaa, ila hesabu ibadilike. Ukitia mbegu mbili kila shimo, katika mashimo 100 takribani 16 yatabaki matupu. Ukitia tatu, yatakuwa sita hivi. Na shambani kuna ndege na udongo mkavu juu ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo afadhali tatu. Zikiota chini ya nusu, hizo mbegu zipike ule, mradi hazikutiwa dawa wala hazina ukungu, na umwombe jirani au ununue nyingine.

Kuna mbegu zisizofuata sheria hii ya kukausha na kupima kwa siku saba, na Mafia tunazo kwa wingi. Mbegu ya nazi na kokwa ya embe hazitaki kukaushwa, zikikauka zinakufa. Nazi ya kupanda itikise sikioni: ukisikia maji yanacheza ndani, ina matumaini, nayo iende kitaluni mapema, kisha uvumilie miezi. Korosho za mbegu zitie kwenye maji, uchukue zinazozama na kuacha zinazoelea. Mpunga mpya nao huwa na usingizi baada ya kuvunwa, kwa hiyo ukikataa kuota leo usiutupe. Upime tena baada ya wiki kadhaa.

Wewe unayeishi nasi lakini hulimi, una nafasi gani katika hili? Nahodha unayepakia mizigo Utende, kifuko cha mbegu kiweke juu ya mzigo na ukifunike kwa turubai, kisipigwe na mawimbi. Mwenye duka Kilindoni, usizianike pakiti dirishani penye jua, na umwonyeshe mteja lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, pamoja na tarehe. Mwalimu, somo la kuota kwa mbegu lina kitabu chake, lakini je, watoto wakileta mbegu za nyumbani kwao na kuzipima darasani, si watarudi na jibu ambalo baba na mama wanalingoja? Bwana shamba na bibi shamba, mkipita kijijini, vitazameni vitambaa hivyo pia.

Na akina mama, ambao mara nyingi ndio wenye funguo za akiba ya mbegu nyumbani, ombi langu kubwa liko kwenu. Mbegu ya jirani mmoja ikiota vizuri, tugawane. Juani haijawahi kuwa mahali pa mtu kukosa cha kupanda huku jirani ana akiba.

Basi baada ya sala ya Ijumaa hii, kila nyumba iloweke kitambaa kimoja na kuhesabu mbegu 100. Ijumaa inayofuata tutakuwa na jibu, na bado tutakuwa na muda wa kutafuta mbegu nyingine kabla mvua haijashuka.