Nauli Yetu Ndiyo Iliyonunua Baiskeli



Karatasi za baiskeli zimetoka tena. Safari hii si za watu wachache kama mwaka jana. Kila idara imepelekewa fungu lake, na makarani wamekwisha ambiwa wazirudishe zikiwa na sahihi kabla ya mwisho wa mwezi. Juu ya karatasi kuna picha ya mtu mwenye kofia ngumu, anacheka, amepanda baiskeli mpya. Ningependa kumwona mtu huyo akifika mwezi wa 11.

Mimi ni mmoja wa wale wa kwanza. Nilitia sahihi kwa mkono wangu mwenyewe, wala hakuna aliyenishika. Kwa hiyo ninayoyaandika si wivu wa mtu aliyenyimwa. Baiskeli ninayo, ni nyeusi, ina keria imara, na asubuhi inanifikisha kazini wakati matatu bado zimebanana pale Jogoo Road. Sina ugomvi na baiskeli. Ugomvi wangu ni wa hesabu, na hesabu nilifundishwa katika shule ya msingi ya misheni, ambako aliyekosea kujumlisha alirudia mpaka wenzake wamekwenda nyumbani.

Haya, na tuhesabu. Baiskeli kama yangu, ukienda nayo dukani mjini na fedha mkononi, ni shilingi 16,500. Niliuliza katika maduka mawili. Katika mpango wa kazini tunakatwa 1,500 kila mwezi kwa miezi 18, nayo ni 27,000. Tofauti ni 10,500. Vyama vingi vya ushirika vya akiba na mikopo hutoza riba ya 1 kwa mia kila mwezi juu ya deni linalobaki. Mtu akikopa 16,500 huko, akalipa sehemu sawa za deni kwa miezi hiyo hiyo 18, jumla yake haifiki 18,070, na baiskeli ni yake tangu siku ya kwanza.

Lakini hilo ni dogo. Mtu akinunua kwa mkopo hulipa zaidi, sote twajua, na kila mmoja ana redio au kitanda alichokilipa mara mbili. Kubwa limefichwa katika ukurasa wa pili, kwa herufi za kuumiza macho na kwa Kiingereza cha mawakili: ya kuwa mfanya kazi aliyepewa baiskeli hatalipwa tena posho ya nauli. Shilingi 2,000 kwa mwezi zinakoma. Nazo hazikomi kwa miezi 18 tu, zinakoma moja kwa moja. Baiskeli itakwisha kuoza na nauli bado haijarudi.

Bwana aliyekuja kutueleza mpango huu alisema tutaokoa nauli ya matatu. Ni kweli. Mimi nilikuwa nikilipa 50 asubuhi na 70 jioni, siku 26 za kazi, yaani 3,120 kwa mwezi, na sasa sizitoi. Lakini nimeacha kupokea 2,000, na ninakatwa 1,500. Hizo ni 3,500. Kwa hiyo kila mwezi ninapungukiwa na shilingi 380 kuliko zamani nilipokuwa nikipanda matatu, na hapo sijanunua tyubu wala sijamlipa fundi wa pancha. Niliipiga hesabu hii mara tatu, kisha nikampa mke wangu naye akaipiga, akaniuliza kama nilikuwa nimelala nilipotia sahihi.

Sasa geuzeni upande wa pili. Kwa miezi 18 mwajiri haoni tena ile 2,000 ikitoka kwake kwa ajili yangu. Hizo ni 36,000. Baiskeli mbili kwa bei ya dukani ni 33,000. Yaani nauli yangu mimi peke yangu inanunua baiskeli mbili na chenji ya 3,000 inabaki ya kununulia kufuli na kofia ngumu ya yule mtu wa pichani. Badala yake nimepewa moja, na juu yake nadaiwa 27,000. Mtu akimchukua kuku wako, akamchinja, kisha akakuuzia mguu mmoja, wewe ungemwambia asante? Sisi tulisema asante. Tulipiga na makofi.

Bwana yule alisema pia ya kuwa mpango huu ni wa kisasa, umetoka Uingereza, na huko wafanya kazi wanaufurahia. Basi na tuutazame huo wa Uingereza, maana wengine wetu tulinyamaza tuliposikia jina hilo. Ulianzishwa kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 1999. Huko mfanya kazi anakubali mshahara wake upunguzwe kabla ya kodi kutozwa, na kwa fedha ile anakodishiwa baiskeli. Faida yake ni kwamba serikali haitozi kodi juu ya fedha ile. Mtu wa mshahara wa kawaida husamehewa kodi ya 20 kwa mia, na 8 kwa mia ya bima ya taifa. Hiyo ndiyo furaha yao. Katika mpango wetu kodi inatozwa kwanza kwenye mshahara mzima, ndipo 1,500 inatolewa katika kinachobaki. Serikali haikutusamehe hata senti, duka halikupunguza hata senti. Tumeletewa jina la Uingereza, na ile nafuu imeachwa huko huko.

Tena hata huko si asali tupu. Mwenye mshahara mkubwa, anayetozwa kodi ya 40 kwa mia, hupata nafuu kubwa kuliko mfagiaji. Na yule wa mshahara wa chini kabisa hawezi kuingia, kwa sababu sheria yao hairuhusu mshahara upunguzwe ukapita chini ya kima cha chini. Maskini ndiye anayehitaji baiskeli, naye ndiye anayefungiwa mlango. Na muda wa kukodi ukiisha, baiskeli bado si mali ya mpandaji mpaka afanye mapatano mengine ya kuichukua.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye mwezi wa 11. Ndugu yetu mmoja wa kibarua cha mkataba, ambaye sitamtaja, alikuwa kundi moja nami. Mkataba wake ulikwisha akiwa amekatwa mara 11, nao haukutiwa upya. Siku ya kuondoka alirudisha kitambulisho, buti, na baiskeli. Baiskeli ilibaki langoni imefungwa mnyororo, naye akatembea kwa miguu mpaka steji. Mara 11 kwa 1,500 ni 16,500. Ndiyo ile bei ya dukani, haikosi hata shilingi. Alikuwa amekwisha inunua, akaiacha hapo.

Ipo sheria ya Kenya juu ya kununua kwa mpango wa kukodi, ni ya mwaka 1968, Sura ya 507. Inasema kwamba mnunuzi akiisha kulipa theluthi mbili za bei yote, mwenye mali hawezi kumnyang'anya kitu bila kwenda mahakamani. Theluthi mbili za 27,000 ni 18,000, yaani miezi 12. Ndugu yetu alibakiwa na mwezi mmoja. Sheria hiyo hiyo inataka mapatano ya namna hii yaandikishwe kwa msajili. Naomba viongozi wetu waulize kwa barua: Je, haya yetu yaliandikishwa? Na kama jibu ni kwamba huku si kununua kwa kukodi, basi ni nini? Katika karatasi yangu ya mshahara makato haya yameandikwa "ustawi." Ustawi wa nani?

Wako wenzetu wanaosema, afadhali baiskeli kuliko kukosa, na kwamba chama kinapenda kupinga kila kitu. Nawasikia. Mtu anayetembea kutoka Dandora saa kumi alfajiri hana nafasi ya kusoma herufi ndogo. Wazee wetu wa reli waliokaa Muthurwa na Makongeni hawakuhitaji mpango wa baiskeli, kwa kuwa kazi ilikuwa karibu na mlango. Sisi tumesogezwa mbali mwaka hata mwaka na kodi za nyumba, na nauli ile ya 2,000 ilitafutwa na chama kwa sababu hiyo. Haikuwa zawadi. Iliwekwa katika mapatano yetu na mwajiri, yakasajiliwa mahakamani. Na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 59, inasema mapatano yaliyosajiliwa yanaingia katika mkataba wa kila mfanya kazi anayehusika. Basi inawezekanaje kitu kilichopatikana na wote kwa mazungumzo kiondolewe kwa mmoja mmoja, kwa sahihi, dirishani kwa karani? Leo ni nauli kwa baiskeli. Kesho posho ya nyumba kwa godoro.

Na hao wa zamu ya usiku je? Hili sikuliona katika karatasi mahali popote. Mwanamke anayetoka kazini saa tano usiku apande baiskeli mpaka Kayole peke yake? Akipanda matatu kwa sababu ya kuogopa, na haki anayo ya kuogopa, atatoa nauli mfukoni na 1,500 atakatwa vile vile. Wala hakuna shedi ya kuziwekea. Baiskeli mbili zimeibwa nje ya ukuta, na wenyewe wanaendelea kukatwa kwa ajili ya kitu ambacho sasa kinapandwa na mwizi.

Sisemi mpango ufutwe. Nasema uje kwenye meza ya mazungumzo kama jambo lingine lolote la mshahara, na uandikwe kwa Kiswahili. Nauli isiguswe. Bei iwe ile ya dukani, na mtu awe huru kuchagua duka, maana Sheria ya Kazi ya 2007 katika kifungu cha 17 inamkataza mwajiri kumlazimisha mtu atumie mshahara wake mahali ambapo mwajiri ana faida yake. Baiskeli iwe mali ya mpandaji tangu siku anapoichukua, na likibaki deni lidaiwe kama deni. Na yule ndugu yetu wa miezi 11 arudishiwe ya kwake. Bado iko pale langoni, tairi la nyuma limekwisha pepo.

Mkutano wa tawi ni Jumamosi baada ya zamu ya asubuhi. Wa kundi la kwanza, njoni na karatasi zenu za mshahara za kabla ya baiskeli na za baada yake. Ambao hamjatia sahihi, njoni na fomu zenu zikiwa tupu.

Mfanya kazi wa Karakana