Nyumba kwa Aliyeacha Uraibu

Iko dhuluma moja katika miji yetu ambayo hata watu wema huitenda bila ya kuona haya. Mtu aliyekuwa mtumwa wa pombe au heroini hutibiwa, akaacha, akapata kazi. Lakini aendapo kupanga chumba, habari zake hutangulia na mlango hufungwa. Kodi anayo mkononi, bali haipokewi.

Mwenye nyumba hujitetea kwa methali: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kweli mali ni yake, na wapangaji wengine wana watoto. Lakini hofu si hukumu. Mpangaji asiyelipa kodi, au auzaye unga uani, sheria ina njia ya kumtoa, awe alipata kuwa mraibu au hakupata. Basi huyu naye apimwe kwa matendo yake ya leo, kama wapimwavyo wenziwe.

Fikiri tena. Tangu mwaka 2014 hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza kutoa methadoni kwa watu wanaoacha heroini. Malindi ikafuata mwaka 2015. Dawa hiyo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mtu asiye na makazi, leo yuko huku na kesho yuko kule, atafikaje kliniki kila asubuhi? Akiikosa dawa mwili humwuma, na wanaompokea bila ya kumwuliza neno ni wale wale aliowakimbia. Hapo huanguka, na mwenye nyumba husema, "Sikusema?" Kumbe naye alimsukuma.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa. Na kifungu cha 27 chakataza mtu kumbagua mwenziwe kwa sababu ya hali ya afya. Uraibu hutibiwa hospitalini; basi ni maradhi. Aliyepona kifua kikuu hatumnyimi chumba. Kwa nini tumnyime huyu?

Nanyi vijana, kesho baadhi yenu mtakuwa na nyumba za kupangisha, na nyote mtakuwa majirani. Maneno ya jirani humhamisha mtu upesi kuliko notisi. Msiyapeleke. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi apewe pa kufanyia kazi.