Kivimbe cha Shingo

Wako wengi wanaoficha kivimbe cha shingo chini ya kanga au kola ya shati mwaka mzima. Wengine walipimwa damu, wakaambiwa ni nzuri, wakarudi nyumbani wakidhani mambo yamekwisha. Leo tulieleze jambo hili.

Mbele ya shingo, chini ya koromeo, iko tezi yenye umbo la kipepeo, iitwayo thiroidi. Hutoa homoni ziongozazo joto la mwili, mapigo ya moyo na uzito. Tezi nzima ikivimba twasema rovu. Lakini pengine huota kivimbe kimoja ndani yake. Hapo daktari ana maswali mawili.

La kwanza: Je, tezi yafanya kazi sawasawa? Hili hujibiwa na damu. Hupimwa TSH, homoni itokayo chini ya ubongo kuiamuru tezi. Ikiwa chini, aghalabu tezi yafanya kazi kupita kiasi: moyo huenda mbio, mwili hukonda. Ikiwa juu, tezi imelegea: mtu huona baridi na uchovu.

La pili: Kivimbe chenyewe ni kitu gani? Hili damu haiwezi kulijibu. Watu wengi wenye saratani ya tezi hii homoni zao ni sawa kabisa. Kwa hiyo daktari huitazama shingo kwa picha ya ultrasaundi. Akiona haja, huchoma sindano nyembamba kuliko ya kutolea damu, akavuta chembe chache zikatazamwe kwa hadubini. Ni kazi ya dakika chache, na mtu hurudi kwake siku ile ile.

Majibu huwekwa katika makundi 6. Kundi la 1 maana yake chembe hazikutosha. Yafaa kupimwa tena. La 2 si saratani, la 6 ni saratani, na ya katikati yana mashaka, madogo au makubwa.

Wako wasemao sindano huamsha saratani. Msiyaogope maneno hayo; sindano haigeuzi kivimbe kizuri kuwa kibaya. Tena katika vivimbe 100 vya tezi hii, kama 90 au zaidi si saratani. Na saratani zake nyingi hupona zikitibiwa mapema.

Basi kivimbe kikiwa kigumu, kikikua upesi, sauti ikikauka, au kumeza kukiwa taabu, msingoje mavuno yaishe. Na ukiambiwa damu yako ni nzuri, shukuru, kisha uulize: “Na kivimbe je, daktari?”